Kufuta Fanksheni Katika Kanzidata: Amri ya Mstari Mmoja, Hesabu ya Mwaka Mzima

Miongoni mwa amri zinazowachanganya waandaaji wa programu wanaohama kutoka mfumo mmoja wa kanzidata kwenda mwingine, DROP FUNCTION haikosi. Huandikwa karibu sawasawa kila mahali, lakini matokeo yake hayafanani. Aliyezoea MySQL hushangaa PostgreSQL inapomkatalia na kumtajia vitu vyote vinavyoitegemea fanksheni anayotaka kuiondoa. Aliyezoea PostgreSQL hufuta fanksheni kwenye MySQL, akakubaliwa bila neno, akaamini kwamba hakukuwa na mtumiaji. Kesho yake ripoti ya mauzo haifunguki. Wa Oracle naye hukuta vitu ambavyo havikufutwa, lakini pia havifanyi kazi.

Mkanganyiko huo umezaa ushauri wa mkato wa aina mbili. Kuna wanaosema ongeza CASCADE, neno linalofuta na vitegemezi vyote, umalize kazi, na kuna wanaosema usiguse kabisa kitu ambacho hukukiandika wewe. Uchambuzi huu unapima pande hizo pamoja na njia ya tatu iliyo kati yake. Swali linaloziunganisha zote ni moja: ni nani mwenye wajibu wa kujua nani anaitumia fanksheni kabla haijaondolewa, mashine au mtu?

## Usuli: msimbo uliingiaje ndani ya kanzidata

Nadharia ya kanzidata ya uhusiano iliyotolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970 ilihusu data na namna ya kuiuliza. Wazo la kuhifadhi msimbo wa programu humo humo lilikuja baadaye, kwa sababu za kibiashara. Mashirika yalikuwa na programu nyingi zinazogusa majedwali yale yale, na kila programu ilikuwa na hesabu yake ya riba, kodi au salio. Hesabu ikiwekwa mahali pamoja, karibu na data, tofauti hizo hupungua na safari za mtandao huwa chache.

Sybase ilikuwa miongoni mwa watangulizi mwishoni mwa miaka ya 1980. Oracle ikafuata na toleo lake la 7 mwaka 1992. Kiwango cha kimataifa cha SQL kilikuja kuandika sehemu inayohusu jambo hili, SQL/PSM, mwaka 1996, wakati kampuni tayari zilikuwa na njia zake. MySQL ilichelewa zaidi na kuingiza fanksheni za aina hii katika toleo la 5.0 mwaka 2005.

Historia hiyo inaeleza sehemu kubwa ya tofauti za leo. Kiwango kilipokuja kilikuta nyumba zimeshajengwa, kila moja kwa ramani yake. Ndiyo maana neno DROP ni moja lakini kila mfumo una falsafa yake kuhusu kinachofuata.

## Mifumo minne, tabia nne

PostgreSQL hukataa kwanza. Isipoambiwa vingine, amri ya kufuta huchukuliwa kuwa na neno RESTRICT: kukiwa na mwonekano, triga, faharasa, sharti au kanuni ya ulinzi wa safu inayoitegemea fanksheni, amri hukwama na mfumo huorodhesha vitegemezi hivyo. Atakayeandika CASCADE ataondoa fanksheni pamoja na vyote vilivyotajwa. Zaidi ya hapo, PostgreSQL huruhusu fanksheni kadhaa zenye jina moja, mradi aina za data zinazopokelewa zitofautiane. Kwa hiyo kokotoa_vat inayopokea namba nzima na kokotoa_vat inayopokea desimali ni fanksheni mbili, na anayefuta lazima ataje anakusudia ipi. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017 mtu anaweza kuacha orodha ya vigezo endapo jina ni la fanksheni moja tu; likiwa la zaidi ya moja, mfumo hugoma.

SQL Server hukataa kwa masharti. Fanksheni ikitumika katika safuwima ya kukokotolewa au katika sharti la CHECK, au ikitajwa na mwonekano uliofungwa kwa SCHEMABINDING, haifutiki mpaka kifungo hicho kiondolewe. Nje ya hapo amri hupita, na anayeitegemea hugundua siku atakapoiita.

Oracle hukubali, kisha huweka alama. Vitu vinavyoitegemea fanksheni iliyofutwa hubaki mahali pake vikiwa na hali ya INVALID. Fanksheni ikirudishwa, mfumo hujaribu kuvikusanya upya vitakapoitwa tena. Faharasa iliyojengwa juu ya fanksheni hiyo huzimwa, na kuanzia hapo hata kuingiza safu mpya kwenye jedwali husika kunaweza kushindikana. Fanksheni iliyo ndani ya pakeji nayo haina amri yake ya kufutwa peke yake. Pakeji yenyewe ndiyo huandikwa upya.

MySQL hukubali na kunyamaza. Haikagui kama kuna mwonekano au triga inayoiita fanksheni. Mwonekano hubaki kwenye orodha kana kwamba ni mzima, na kosa hutokea mtu anapousoma. Triga ikiita fanksheni iliyokwisha kuondoka, kila jaribio la kuingiza data kwenye jedwali lake hugonga mwamba.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika. Katika PostgreSQL na SQL Server, kufuta fanksheni kunaweza kufanywa ndani ya muamala na kurudishwa nyuma kabla haujathibitishwa. Katika Oracle na MySQL, amri ya aina hii huthibitisha muamala yenyewe. Ikishapita, ROLLBACK haina la kurudisha.

## Kile ambacho mfumo hauoni

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba PostgreSQL ndiyo salama kuliko zote. Hitimisho hilo ni nusu ya ukweli. PostgreSQL huorodhesha utegemezi ilioutambua wakati kitu kilipoundwa. Mwili wa fanksheni iliyoandikwa kwa PL/pgSQL huhifadhiwa kama maandishi tu, na mfumo hausajili fanksheni nyingine zinazotajwa ndani yake. Fanksheni ya pili ikiiita ya kwanza kwa njia hiyo, RESTRICT haitazuia chochote. Toleo la 14 la mwaka 2021 lilileta njia ya kuandika mwili wa fanksheni za lugha ya SQL kwa BEGIN ATOMIC, ambapo utegemezi husajiliwa. Lakini msimbo wa PL/pgSQL uliokwisha kuandikwa kwa miaka mingi haunufaiki nayo.

Upofu huo una ngazi nyingine katika kila mfumo. Amri za SQL zinazoundwa papo hapo kwa kuunganisha maneno hazionekani na orodha yoyote ya utegemezi. Hazionekani pia programu zilizo nje: tovuti, huduma ya USSD, hati inayoendeshwa usiku, ripoti ya Excel iliyounganishwa na seva na mhasibu ambaye hakumwarifu mtu.

Wengi hutegemea hesabu ya miito kuziba pengo hili. PostgreSQL ina pg_stat_user_functions, inayoonyesha fanksheni imeitwa mara ngapi, ingawa kipimo hicho huwa kimezimwa mpaka msimamizi awashe track_functions. Hesabu hiyo ni msaada mkubwa, ila inasema tu kile kilichotokea ndani ya muda uliopimwa. Kenya, Tanzania na Uganda hufunga mwaka wa fedha wa serikali tarehe 30 Juni. Fanksheni inayofunga vitabu siku hiyo, ikichunguzwa kuanzia Septemba hadi Machi, itaonekana haina kazi.

Pia kuna fanksheni ambayo haiitwi mara kwa mara lakini sheria bado inaihitaji. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 mwanzoni mwa Januari 2021. Mfumo uliotunza hesabu ya asilimia 14 katika fanksheni yake hauna sababu ya kuiita kwa ankara za leo. Lakini ankara ya Julai 2020 ikibishaniwa au ikihitaji marekebisho, kiwango sahihi ni kile cha wakati ule. Kukosa miito, kwa hiyo, hakutoshi kuwa ushahidi kwamba fanksheni imekufa.

## Kinachoondoka pamoja na fanksheni

Hasara ya kwanza ni ulinzi uliokuwa umejengwa juu yake. Chukua kampuni ya Tanzania inayotunza namba za simu za wateja. Mmoja huandika namba yake kwa kuanza na 07, mwingine kwa +2557. Fanksheni sanifisha_simu hugeuza zote kuwa mtindo mmoja, na juu yake imejengwa faharasa ya kipekee inayozuia mteja mmoja kusajiliwa mara mbili. Mtu akifuta fanksheni hiyo kwenye PostgreSQL kwa CASCADE, faharasa nayo huondoka. Hakuna kitakachovunjika siku hiyo. Usajili utaendelea, na wateja wa kujirudia wataanza kuingia polepole, hadi siku hesabu za malipo zitakapokataa kulingana. CASCADE hutangaza ilichokiondoa, lakini tangazo hilo ndani ya hati ndefu ya mabadiliko ni rahisi kupita bila kusomwa.

Hasara ya pili ni ruhusa. Fanksheni ikifutwa, ruhusa zilizotolewa juu yake nazo hufutika. Kwa PostgreSQL kuna mtego wa ziada: fanksheni mpya, isipowekewa mpangilio tofauti, huzaliwa ikiwa na ruhusa ya kuendeshwa na kila mtumiaji. Ikiwa msimamizi alikuwa amewanyima watu wote na kuruhusu idara ya fedha peke yake, kufuta na kuunda upya kunafungua tena mlango kwa wote, na hakuna kosa litakaloonyeshwa.

Hasara ya tatu ni maandishi yenyewe. Wengi hujipa moyo kwamba kuna nakala rudufu. Wanaotumia mysqldump wanapaswa kujua kwamba chombo hicho huchukua triga bila kuambiwa, lakini fanksheni na prosija huziacha mpaka kipewe chaguo la --routines. Nakala inaweza kuwa imechukuliwa kila usiku kwa miaka mitatu bila kuwa na fanksheni hata moja. Na hata maandishi yakipatikana, kurudisha kunaweza kuwa kugumu kuliko kufuta: MySQL yenye kumbukumbu ya binari iliyowashwa humdai anayeunda fanksheni ruhusa za juu zaidi ya CREATE ROUTINE, isipokuwa kama msimamizi amelegeza sharti hilo. Mtu mwenye uwezo wa kufuta anaweza asiwe na uwezo wa kurejesha.

## Kufuta au kubadilisha?

Kabla ya kupima misimamo, ni vizuri kutenga jambo moja linaloongeza vurugu. Sehemu kubwa ya wanaofuta fanksheni hawakusudii iondoke. Wanataka toleo jipya likae mahali pa la zamani. Kwa lengo hilo kufuta ni njia mbaya. PostgreSQL na Oracle zina CREATE OR REPLACE, na SQL Server ina CREATE OR ALTER tangu toleo la 2016 lilipoongezewa kifurushi cha kwanza cha marekebisho. Njia hizo hutunza ruhusa na kwa kawaida hazivunji vitegemezi.

Zina mipaka yake. PostgreSQL haikubali kubadili aina ya data inayorudishwa kwa njia hiyo, na ukibadili aina za vigezo hutakuwa umebadilisha fanksheni. Utakuwa umeunda ya pili yenye jina lile lile. MySQL haina njia ya kubadili mwili wa fanksheni pasipo kuifuta, hivyo huwa na pengo dogo ambalo ndani yake kila mwito hushindwa. MariaDB, iliyozaliwa kutoka MySQL, imeshaziba pengo hilo.

## Msimamo wa kwanza: safisha mapema

Wanaotaka fanksheni zisizotumika ziondolewe haraka wana hoja nzito. Ya kwanza ni usalama. Fanksheni ya PostgreSQL iliyowekwa SECURITY DEFINER huendeshwa kwa mamlaka ya mwenyewe, si ya anayeiita. Ikisahaulika miaka mitano huku ikiwa na kasoro, ni njia ya kumfikisha mtumiaji wa kawaida kwenye data asiyostahili kuiona. Hoja ya pili ni gharama ya kuhama: taasisi inayotoka Oracle kwenda PostgreSQL hulazimika kupitia na mara nyingi kuandika upya msimbo wa PL/SQL, na kila fanksheni mfu huongeza kazi isiyo na faida. Ya tatu ni uelewa, kwa sababu mwajiriwa mpya anayekuta kokotoa_vat, kokotoa_vat2 na kokotoa_vat_mpya hana namna ya kujua ipi ndiyo.

Udhaifu wa msimamo huu ni kuwa unadhania mfumo utatoa onyo. Kama ilivyoonekana, onyo hilo wakati mwingine halipo, na likiwepo huwa la sehemu tu. Wenye haraka pia hupenda IF EXISTS, ambayo huzuia kosa endapo fanksheni haipo. Chaguo hilo ni zuri kwa hati inayoweza kuendeshwa mara mbili, lakini huficha makosa ya tahajia. Ukikosea aina ya kigezo kimoja, PostgreSQL itasema haikuona kitu na kuendelea. Hati itaonekana imefaulu, nayo fanksheni ipo pale pale.

## Msimamo wa pili: acha ilivyo

Upande wa pili husema usitupe mbachao kwa msala upitao. Fanksheni ni maandishi ya kilobaiti chache. Haijazi diski wala haipunguzi kasi ikiwa haiitwi. Hasara ya kuiacha ni ndogo na ya taratibu, hasara ya kuiondoa kimakosa inaweza kusimamisha malipo mchana. Kwa mfumo wa zamani ambao walioujenga wamekwisha kuondoka na hakuna nyaraka, tahadhari hii ni ya busara.

Kasoro yake ni kwamba haina mwisho. Kila mwaka fanksheni huongezeka na wanaozijua hupungua, hivyo gharama ya kuzichunguza hupanda kadiri uchunguzi unavyoahirishwa. Na kimya cha fanksheni ya zamani si lazima kidumu: atatokea mtu ataikuta, aiamini kwa sababu ipo, na aitumie ikiwa na kiwango cha kodi kilichopitwa na wakati.

## Msimamo wa tatu: hatua kwa hatua

Njia ya kati huanza na kuzima kabla ya kufuta. Kwanza maandishi ya fanksheni na orodha ya ruhusa zake huhifadhiwa katika mfumo wa kutunza matoleo kama Git. Kisha programu zote zinazojulikana huondolewa mwito wake na kusambazwa, ili toleo la zamani la programu lisiwe bado kazini fanksheni inapoondoka. Baada ya hapo fanksheni huwekewa kengele: mwili wake huongezewa mstari unaoandika onyo kwenye kumbukumbu za seva, kama RAISE WARNING ya PL/pgSQL, huku ikiendelea kutoa jibu sahihi. Kengele ikikaa kimya kwa mzunguko mzima wa kazi, ruhusa ya kuiendesha huondolewa. Kufuta huja mwisho.

Wengine hupendelea kubadili jina badala ya kuondoa ruhusa. Hapa pia mifumo inatofautiana. Katika PostgreSQL, mwonekano unaitambua fanksheni kwa namba yake ya ndani, hivyo utaendelea kufanya kazi hata jina likibadilika. Watakaoshindwa ni wale walioitaja kwa maandishi. Jambo hilo lina manufaa, kwa kuwa hao ndio RESTRICT isiowaona. MySQL haina amri ya kubadili jina la fanksheni, na kwa SQL Server, Microsoft yenyewe inashauri isitumike sp_rename kwa kazi hiyo. Kuondoa ruhusa nako kuna tundu: mwenye fanksheni na mtumiaji mkuu hawazuiliki, na si haba programu zinazounganishwa kwa akaunti hizo hizo.

Udhaifu wa njia hii ni nidhamu inayodai. Kazi inaweza kuchukua miezi, aliyeianza akahamishwa, na kanzidata ikabaki na fanksheni nusu hai zenye kengele ambazo hakuna anayezisikiliza. Bila tarehe ya mwisho na jina la mhusika, msimamo wa tatu hugeuka kuwa wa pili.

## Kupima

Misimamo yote mitatu ina mahali pake; kinachoamua ni mambo mawili. La kwanza ni idadi ya wanaoigusa kanzidata. Mfumo unaotumiwa na programu moja ambayo msimbo wake wote uko kwenye hazina moja unaweza kusafishwa haraka, kwa kuwa kutafuta jina la fanksheni humo kunatoa jibu karibu kamili. Kanzidata inayohudumia tovuti, USSD, simu za mkononi na ripoti za idara nne haina anasa hiyo.

La pili ni aina ya mfumo. Kwenye PostgreSQL, jaribio la kufuta ndani ya muamala na kurudisha nyuma ni njia nafuu ya kupata orodha ya vitegemezi vinavyojulikana, ingawa inafaa kufanywa kwenye mazingira ya majaribio. Kwenye Oracle mahali pa kuanzia ni ALL_DEPENDENCIES, na kwenye SQL Server ni sys.sql_expression_dependencies. Kwenye MySQL mzigo wa kutafuta ni wa mtu, kwa kupekua maandishi ya mionekano, triga na fanksheni nyingine. Kadiri mfumo unavyonyamaza, ndivyo kipindi cha kengele kinavyopaswa kurefuka.

CASCADE yenyewe si dhambi. Dhambi ni kuitumia kabla ya kusoma orodha ambayo RESTRICT ingeitoa bure. Vivyo hivyo, kwa fanksheni ya SECURITY DEFINER yenye kasoro ya usalama, kusubiri mwaka mzima wa fedha ni uzembe: ruhusa iondolewe leo, maswali mengine yajibiwe baadaye.

## Hitimisho

Mifumo ya kanzidata hutofautiana katika kukataa, kuweka alama au kunyamaza, lakini hakuna hata mmoja unaowajua wote wanaoitumia fanksheni. Orodha ya mfumo ni mwanzo wa uchunguzi, na hesabu ya miito ina thamani pale tu muda wake unapofunika mwisho wa mwezi, mwisho wa robo na tarehe 30 Juni. Anayetaka kubadilisha asifute. Anayetaka kufuta awe na maandishi na orodha ya ruhusa mkononi, ahakikishe nakala rudufu kweli ina fanksheni, azime kabla ya kuondoa, na aandike jina lake pamoja na tarehe ya kumaliza. Wajibu wa kuthibitisha kwamba fanksheni haihitajiki ni wa anayefuta, hata pale mfumo unapomruhusu bila kumuuliza.